Yangeyange yupi huyu? Mwongozo wa kutofautisha yangeyange weupe shambani, ziwani na pwani

Kwenye tope la Mida karibu na Watamu, au kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, unaweza kukuta ndege weupe ishirini wamesimama pamoja, ukawaita wote yangeyange na usikosee. Mvuvi na mchungaji neno hilo linawatosha. Halimtoshi anayejaza fomu ya hesabu ya ndege wa maji ya kila Januari, wala mwongoza watalii aliyeulizwa swali na mgeni mwenye kitabu mkononi. Ndani ya kundi hilo moja huenda kuna aina nne au tano, kila moja na chakula chake na mahali pake pa kuzalia.

Wengi huanza na rangi ya mdomo. Ndiyo inayoonekana kwanza, na ndiyo inayobadilika kuliko kitu kingine chochote kwenye mwili wa ndege hawa. Yangeyange mkubwa ana mdomo wa njano miezi mingi, kisha msimu wa kuzaa unageuka mweusi. Kinda la yangeyange wa ng'ombe huanza na mdomo mweusi, halafu unakuwa wa njano. Kwa hiyo hapa tumeiweka rangi karibu na mwisho. Umbo linatangulia, kisha mstari wa kinywa, kisha miguu. Fuata mpangilio huo hata siku unapojiona una uhakika.

Watano wa kuwajua

Yangeyange wa ng'ombe (Bubulcus ibis), sentimita 46 hadi 56. Ndiye anayefuata mifugo, nyati, tembo na trekta.

Yangeyange mdogo (Egretta garzetta), sentimita 55 hadi 65. Mwembamba, mdomo mweusi, miguu myeusi, vidole vya njano.

Yangeyange wa pwani (Egretta dimorpha), ukubwa kama huo huo. Ana sura mbili: wengine weupe, wengine kijivu kizito karibu na cheusi. Yuko pwani za Kenya na Tanzania, Pemba na Unguja, Komoro, Aldabra na Madagaska.

Yangeyange domo-njano (Ardea brachyrhyncha), sentimita 61 hadi 69. Jina lake linawapoteza wanaoanza, maana si yeye peke yake mwenye mdomo wa njano. Vitabu vya zamani kidogo vinamweka chini ya Ardea intermedia.

Yangeyange mkubwa (Ardea alba), sentimita 85 hadi 100. Akisimama karibu na wengine hahitaji maelezo. Akisimama peke yake ndipo kazi inapoanza.

Kabla ya kutoka

Darubini ya kukuza mara 8 yenye lenzi ya milimita 42 inatosha. Ya mara 10 inakusogezea ndege, lakini mkono ukitetemeka kidogo tu huoni mstari wa kinywa. Kama chama chenu kina darubini kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu, itumie pwani, kwa sababu kule ndege huwa mbali.

Chagua saa kwa kuangalia mwanga. Bara, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea au Ahero, au kwenye nyasi za Kilombero, kazi nzuri ni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Katikati hapo joto linapanda kutoka ardhini, mazigazi yanacheza, na miguu ya ndege inaonekana kama inayeyuka.

Pwani, angalia maji kwanza, saa baadaye. Maji yakipwa sana ndege wanatawanyika hadi kwenye mwamba, mbali usikoweza kuona hata vidole. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, ukae, uyaache maji yawasukume kwako. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, kwenye mwambao wa Mombasa hadi Dar es Salaam, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, yapata saa 10. Hiyo alasiri ndiyo zamu nzuri kuliko zote: ukiwa umeelekea baharini jua liko mgongoni mwako, na ndege wanakuja. Siku za maji mafu maji hujaa kati ya asubuhi na mchana, yanatembea kidogo, na ndege hawasogei sana.

Usisimame jua likiwa nyuma ya ndege. Hapo kila mguu ni mweusi na kila mdomo ni mweusi, na utaandika yangeyange mdogo ishirini pale ambapo hayupo hata mmoja.

Hatua ya 1: Watoe wasio yangeyange

Domomwiko naye ni mweupe, lakini ana uso mwekundu, miguu myekundu na mdomo bapa kama mwiko. Akilala ameuficha mdomo mgongoni, tazama miguu. Kwarara mweupe ana kichwa na shingo nyeusi isiyo na manyoya. Hao wawili wakiruka hunyoosha shingo mbele; yangeyange wote huikunja, kichwa kikarudi mabegani. Kanuni hiyo ya shingo inafanya kazi hata kwa ndege aliye umbali wa kilomita moja.

Anayepotosha zaidi ni korongo mdogo wa Ardeola ralloides. Akisimama ni wa kahawia mwenye michirizi na humtilii shaka. Akiruka, mbawa na mkia vinafunguka vyeupe pee, na mtu anaandika "yangeyange" kwenye daftari. Msubiri atue. Akitua weupe unapotea kama umefunikwa, basi ni yeye.

Yupo ndugu yake wa kumtazama kwa makini: Ardeola idae, anayezaa Madagaska na visiwa vya karibu na kuja Afrika Mashariki hasa kati ya Mei na Oktoba. Akiwa kwenye manyoya ya kuzaa ni mweupe mtupu na mdomo wake ni wa buluu wenye ncha nyeusi. Huku kwetu wengi huwa wameshavaa kahawia, yenye michirizi mipana na mizito kuliko ya ralloides. Yuko hatarini kutoweka, kwa hiyo ukimpata piga picha, andika mahali palepale, na upeleke taarifa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Shingo

Usipime ukubwa kwa macho kama hakuna ndege mwingine wa kulinganisha. Ndege mweupe kwenye tope jeusi huonekana mkubwa kuliko alivyo. Pima uwiano wa mwili wenyewe.

Mwache anyooshe shingo, ulinganishe na mwili kuanzia kifua hadi ncha ya mkia. Shingo ya yangeyange mkubwa inauzidi mwili kwa mbali, na katikati ina pembe kali, kama bomba lililokunjwa kwa nguvu. Pembe hiyo haipotei hata akisimama ametulia. Ya domo-njano inakaribia kulingana na mwili na hupinda taratibu kama herufi S. Yangeyange wa ng'ombe ana shingo fupi na nene, na manyoya ya kidevu yamesogea mbele chini ya mdomo, kwa hiyo anaonekana kama ana shavu lililojaa. Shavu hilo ni alama nzuri sana. Linaonekana kabla hujaona rangi yoyote, na halina msimu.

Ndege aliyejikunja, shingo ndani ya mabega, hana uwiano wa kupima. Mngoje. Yangeyange mkubwa aliyejikunja kwenye upepo wa kusi amewahi kuandikwa kama kila aina iliyomo kwenye orodha hii. Dakika kumi za kungoja zinatosha, kwa kawaida.

Hatua ya 3: Mstari wa kinywa

Kama utakumbuka hatua moja tu, iwe hii. Pale midomo miwili inapokutana kuna mstari mweusi mwembamba unaoelekea nyuma usoni. Uangalie unaishia wapi.

Kwa yangeyange mkubwa, mstari unapita chini ya jicho na kuendelea nyuma yake. Kwa domo-njano, unakoma chini ya jicho, hauvuki. Tofauti ni ya milimita chache, lakini haibadiliki kwa msimu, umri wala matope. Ili uione, ndege awe ubavu, awe ndani ya mita 60 hivi kwa darubini ya kawaida, na mwanga uwe upande wako. Akikutazama moja kwa moja, usijaribu.

Hapo hapo tazama na paji. La yangeyange mkubwa limelala, kichwa na mdomo vinakuwa kitu kimoja kirefu kama mkuki. Domo-njano ana paji lililoinuka, kichwa cha duara, na mdomo mfupi unaoonekana kama umechomekwa.

Hatua ya 4: Miguu kwa vipande vitatu

"Miguu myeusi" haitoshi kwenye daftari. Gawa mguu: juu ya goti, chini ya goti, vidole. (Goti la ndege ambalo sote tunaliita goti ni kifundo cha mguu, lakini lugha ya shambani inatosha.)

Yangeyange mkubwa wa Afrika ana vyote vitatu vyeusi. Domo-njano ni mweusi chini ya goti na vidoleni, lakini juu ya goti rangi inapauka kuwa kahawia-njano; msimu wa kuzaa hushika wekundu. Yangeyange mdogo ni mweusi juu na chini, kisha vidole vya njano vinavyokatika ghafla kama amevaa soksi fupi. Yangeyange wa ng'ombe ana miguu iliyofifia, ya kijani kilichoiva au karibu nyeusi, inayogeuka njano hadi nyekundu wakati wa kuzaa.

Tatizo ni tope. Tope la mikoko lililokauka kwenye vidole vya yangeyange mdogo linavifanya vyeusi kabisa. Usiandike "vidole vyeusi" mpaka umwone akivuka maji safi au akiinua mguu baada ya kupita kwenye kidimbwi. Mdogo mwenyewe hukusaidia: ana tabia ya kuchokora tope kwa mguu mmoja ili samaki na kamba watoke, na mguu unaotoka majini huwa umeoshwa.

Kinda la yangeyange mdogo lina miguu ya kijani iliyochafuka, na njano ya vidole hupanda mguuni bila mpaka. Soksi za kinda hazina mwisho ulionyooka.

Hatua ya 5: Sasa rangi ya mdomo

Mdomo mweusi: yangeyange mdogo mwaka mzima, yangeyange wa pwani, yangeyange mkubwa akizaa, kinda la yangeyange wa ng'ombe kwa majuma machache baada ya kutoka kiotani. Mdomo wa njano: yangeyange wa ng'ombe, domo-njano, na mkubwa asiyezaa. Msimu wa kuzaa mdomo wa domo-njano huiva hadi machungwa au wekundu, na wa yangeyange wa ng'ombe nao hushika wekundu.

Utaona kwamba rangi peke yake haijamaliza kesi hata moja. Ukishapitia shingo, kinywa na miguu, inabaki kazi ya kuthibitisha tu.

Manyoya ya mapambo yanafaa kwa njia hiyo hiyo. Yangeyange mdogo hutoa singa mbili ndefu kisogoni, kama sentimita 16. Mkubwa na domo-njano hawana singa kichwani; mkubwa anazo mgongoni zinazopita mkia, domo-njano anazo mgongoni na kifuani. Yangeyange wa ng'ombe hupata rangi ya chai ya maziwa utosini, kifuani na mgongoni. Ndege mwenye rangi hiyo hana wa kuchanganywa naye, hata akiwa ametua mbali na ng'ombe.

Jozi ngumu kuliko zote: mdogo na wa pwani

Hapa hata waliozoea husimama.

Ukimwona wa kijivu kizito pwani, mwenye koo jeupe na vidole vya njano, umemaliza: ni yangeyange wa pwani. Anayeweza kukuchanganya ni yangeyange mweusi (Egretta ardesiaca), ambaye naye ana vidole vya njano, lakini koo lake ni jeusi kama mwili na kisogo kina manyoya ya vurugu. Huyo huwinda kwa kukunjua mbawa duara juu ya kichwa kama mwavuli, akajifunika, kisha akadona kivulini. Ukiona mwavuli, huna swali tena. Wapo pia wa pwani wenye mabaka ya kijivu na nyeupe. Hao nao ni rahisi.

Shida ni wa pwani mweupe. Mdomo mweusi, miguu myeusi, vidole vya njano, ukubwa ule ule. Tazama ngozi tupu iliyo kati ya jicho na mdomo. Kwa yangeyange mdogo ni ya kijivu-buluu. Kwa wa pwani ni ya njano. Alama hii itumie kwa ndege asiye na singa kisogoni tu, kwa sababu yangeyange mdogo anayezaa hubadilika rangi hapo, akaenda njano-machungwa hadi wekundu, na kukudanganya vizuri kabisa. Kisha tazama njano ya vidole: kwa wa pwani mara nyingi hupanda sehemu ya mbele ya mguu. Hii nayo usiitegemee peke yake, maana makinda ya mdogo hufanya hivyo.

Mahali pana uzito. Anayewinda juu ya mwamba wa matumbawe na kwenye vidimbwi vya maji ya chumvi, karibu na ndugu zake wa kijivu, ana nafasi kubwa ya kuwa wa pwani. Mweupe huyo huyo kwenye mpunga wa bara ni mdogo. Lakini katikati, kwenye mikoko na midomo ya mito kama Sabaki, wote wawili wapo, na mahali hapakuamulii.

Msimamo wetu: bila ngozi ya uso iliyoonekana wazi, andika "Egretta mweupe, hakuthibitishwa". Kujaza jina kwa kubahatisha kunaharibu hesabu za miaka mingi, na hakuna anayeweza kulirekebisha baadaye. Huko Kenya huonekana pia, mara chache, Egretta gularis, mwenye mdomo mnene wa kahawia-njano na miguu isiyo nyeusi safi. Ukihisi ni yeye, picha ni lazima.

Wakiruka

Miguu inayotokeza nyuma ya mkia ndiyo ya kuangalia. Ya yangeyange mkubwa inatokeza sana, na mbawa zake hupiga taratibu, nzito. Yangeyange wa ng'ombe anatokeza vidole tu, anapiga mbawa haraka, na jioni huruka kwa makundi yaliyojipanga kwenda malaloni. Mdogo yuko katikati, na soksi za njano zinawaka dhidi ya miguu myeusi. Domo-njano angani ni mgumu. Mwache apite isipokuwa umemwona akiruka kutoka chini.

Malaloni jioni, hesabu kwanza, tambua baadaye. Kundi linalopita juu halisubiri, na ukishika darubini kutafuta rangi ya vidole utapoteza idadi.

Picha

Kamera huona nyeupe nyingi na kuiunguza, hapo hata mstari wa kinywa unafutika. Punguza mwanga kwa nusu hatua hadi hatua nzima chini ya kipimo cha kamera. Kwa simu, gusa ndege kwenye kioo kisha uteremshe alama ya jua. Piga tatu: kichwa cha ubavu, mwili mzima na vidole, na moja ya mbali yenye ndege jirani kwa ajili ya ukubwa. Picha ya tatu ndiyo watu wanayoisahau.

Usirekebishe rangi kabla ya kuituma kwa mtu wa kuthibitisha. Programu za simu zinazokoleza rangi zimeshazaa ngozi nyingi za njano ambazo hazikuwepo.

Daftari

Andika papo hapo, kabla hujafungua kitabu: tarehe, mahali, saa, hali ya maji, jua liko upande gani, umbali, shingo, mwisho wa mstari wa kinywa, vipande vitatu vya mguu, ngozi ya uso, mdomo, singa, alichokuwa akifanya. Ukifungua kitabu kwanza, jicho litaanza kuona kilichochorwa. Kwa anayetumia eBird, mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege walioonekana, kuna nafasi ya kuandika yangeyange mweupe asiyetambuliwa. Itumie bila aibu.

Anayeanza aende kwenye malisho au dampo la karibu na nyumbani, amtazame yangeyange wa ng'ombe kwa nusu saa: shavu, mwendo, jinsi shingo inavyoyumba huku mwili umetulia kabla ya kudona. Afanye hivyo mara tano au sita. Baada ya hapo domo-njano akitokea pembeni mwa kundi, shingo ndefu, kidevu kitupu, miguu mirefu, jicho litamkamata lenyewe.

Umbali

Yangeyange aliyeacha kula na kusimamisha shingo wima ameshakuona kama hatari. Simama, au rudi hatua kadhaa. Penye viota usiingie chini ya miti kabisa: wazazi wakiruka, pwani yetu ina kunguru wa Bara Hindi wanaongoja hapo hapo, na mayai na makinda huondoka ndani ya dakika chache. Tambua wazazi kutoka nje, wanapoingia na kutoka na chakula. Wanapopunguza mwendo kutua, miguu huning'inia chini na vidole vyote vinaonekana.